Jumapili ya Nani? Ngoma za Migodini Johannesburg na Beni ya Pwani

Mwaka 1943, katika mgodi wa dhahabu wa Consolidated Main Reef, upande wa magharibi wa Johannesburg, ulijengwa uwanja wa ngoma wa nusu duara, viti vya watazamaji vikipanda ngazi kwa ngazi. Aliyeusanifu ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyemaliza umri wake akirekodi muziki wa Afrika. Migodi mingine ikafuata. Jumapili wachimbaji walicheza kwa zamu, kabila kwa kabila: Wampondo, Wazulu, Wasotho, Wachopi wa Msumbiji na marimba zao. Wazungu wa mjini walikuja na watoto wao, watalii wakaja na kamera. Mwaka 1952 Tracey alitoa kitabu kizima cha picha na maelezo ya ngoma hizo.

Nusu karne kabla ya uwanja ule kujengwa, huku kwetu pwani, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wameanzisha ngoma ya beni. Hawakujengewa uwanja na mtu. Walicheza barabarani, wakipita katikati ya mji kwa tarumbeta na madebe, wamevaa sare walizojishonea na kujipachika vyeo vya kijeshi. Aliyetaka kutazama alisimama mlangoni kwake. Aliyechukia alifunga dirisha.

Nazilinganisha ngoma hizi mbili kwa sababu ya swali ambalo vitabu vya michezo na burudani hulipita haraka. Vinatuorodheshea aina za michezo, kisha faida: afya ya mwili, utulivu wa akili, umoja wa jamii, nidhamu. Orodha hiyo siigombi. Ila kila faida ina mtu anayeihesabu, na katika Johannesburg ya migodi aliyehesabu hakuwa mchezaji.

Tuanze na nadharia, maana wanadharia wa mchezo wangeshikwa na kigugumizi pembeni mwa uwanja wa Tracey. Herbert Spencer, katika karne ya 19, alisema kiumbe hucheza kwa sababu ana nguvu zilizobaki baada ya kujitafutia riziki. Mjerumani Moritz Lazarus alisema kinyume chake mwaka 1883: tunacheza kwa kuwa nguvu zimetuishia na mchezo unazirudisha. Sasa mtazame mchimbaji. Siku sita amekuwa chini ya ardhi, kwenye joto na vumbi la mawe, akitoboa mwamba na kupakia vigari. Siku ya saba anapanda juu na kukanyaga ardhi kwa kishindo, anarusha mguu hadi usawa wa kichwa, anatoka jasho kuliko la Jumamosi. Nguvu zilizobaki zimetoka wapi? Na kama anatafuta pumziko, mbona hakulala?

Jambo la kuchekesha ni kwamba Spencer, aliyeshindwa kumweleza mchezaji, anamweleza vizuri meneja wa mgodi. Meneja huyo huenda hakuwahi kufungua kitabu chake hata kimoja, lakini aliiamini nadharia ile kwa vitendo: maelfu ya wanaume wamefungiwa kompaundi, yaani mabweni ya mgodi, bila wake wala watoto, nguvu zao zitafutiwe pa kwenda, zisije zikaenda kwenye mgomo. Mwaka 1920 makumi ya maelfu ya wachimbaji Waafrika walikuwa wamegoma. Somo halikusahaulika. Kompaundi zenyewe ziligawa vyumba kwa kabila, na ngoma ya Jumapili ikauthibitisha mgawanyo huo kwa manyoya na ngozi: huyu Mzulu, huyu Mchopi, na kila mmoja acheze cha kwao.

Mholanzi Johan Huizinga aliandika mwaka 1938 kwamba mchezo wa kweli ni wa hiari, uko nje ya maisha ya kawaida, una mahali pake na muda wake, na haufuati faida ya mali. Ukiusoma ufafanuzi huo ukiwa Johannesburg unaona mara moja unapopwaya. Mahali na muda vilikuwapo, tena vimepangwa na ofisi. Hiari ilikuwapo pia. Sidhani mtu anaweza kulazimishwa kucheza vizuri namna ile. Lakini kusema uko nje ya maisha ya kawaida ni kusahau kwamba ukuta wa kompaundi ulikuwa nyuma ya mgongo wa mchezaji muda wote. Mfaransa Roger Caillois, mwaka 1958, alimkosoa Huizinga na kuigawa michezo katika makundi manne: ushindani, bahati, uigaji na kizunguzungu. Mgawanyo wake unanifaa zaidi, kwa sababu beni ilishika mawili kwa mkono mmoja. Ilikuwa ushindani, na ilikuwa uigaji.

Iliiga nini? Bendi za kijeshi za kizungu, gwaride, saluti, cheo. Mombasa kulikuwa na vyama kama Kingi na Skochi. Lamu ushindani ulifuata mitaa miwili iliyozoea kutambiana, Mkomani na Langoni. Ngoma ilipoingia Tanganyika ikagawanyika Marini na Arinoti, majina yaliyojulikana hadi bara. Marini walijiona watu wa mji, wenye asili na heshima. Arinoti walijaa wageni, vibarua, watu waliotoka bara kutafuta kazi. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, madaktari na maofisa wa kila namna, na wanawake wenye vyeo vyao. Chama kilitoza ada, kilitoza faini, kilimtembelea mgonjwa, kilizika. Mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokelewa na tawi la huko kama ndugu. Ushindani ulikuwa wa matumizi pia: karamu kubwa kuliko ya wenzenu, ng'ombe wengi kuliko wao, sare mpya. Watu walifilisika kwa ajili ya ngoma, na wazee wakalalamika. Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na ukikisoma unapata picha ya serikali ndogo zilizojiendesha bila mtawala kuziruhusu.

Vita Kuu ya Kwanza iliitawanya beni. Askari na wapagazi waliokusanywa kutoka kila pembe waliibeba hadi Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ngoma za mistari iliyonyooka na kaptura nyeupe ambazo bado zinachezwa. Waingereza waliokuja kuitawala Tanganyika walianza kuandikiana barua za wasiwasi: hawa wenye vyeo na matawi kila mji wanapanga nini? Walichunguza, hawakukuta uasi, lakini hofu haikuwatoka.

Hofu hiyo iliwalipukia mgodini. Mei 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma kupinga nyongeza ya kodi, na huko Luanshya polisi waliwapiga risasi wakaua watu 6. Tume ya uchunguzi ilipokaa, miongoni mwa washtakiwa ilikuwamo Mbeni, yaani beni iliyokwisha kufika kompaundi. Chama cha ngoma kilikuwa na mtandao, viongozi na nidhamu. Kikashukiwa kwamba ndicho kilichopeleka habari za mgomo. Hapo tofauti ya mambo mawili ninayoyalinganisha inaonekana waziwazi. Ngoma iliyojengewa uwanja na mgodi ilipigwa picha. Ngoma iliyojijengea uongozi wake ilihojiwa na tume.

Lakini nisiifanye Johannesburg kuwa mji wa watu waliochezeshwa tu. Ray Phillips, mmisionari Mmarekani aliyefika huko mwaka 1918, alikuwa na mpango wa wazi kuliko wote: kuupa maadili muda wa mapumziko wa Waafrika. Alipeleka sinema kwenye kompaundi na kuandika kwa fahari jinsi zilivyosaidia kutuliza watu wakati wa machafuko ya mwaka 1922. Na mwaka 1924 ukafunguliwa ukumbi wa Bantu Men's Social Centre, Eloff Street, ambao yeye alikuwa miongoni mwa wasukumaji wake. Kulikuwa na tenisi, maktaba, kwaya, dansi, mazoezi ya viungo na midahalo. Fikra ilikuwa kwamba Mwafrika msomi akipata raketi na kitabu hatapata nafasi ya siasa.

Peter Abrahams, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alifanya kazi pale akiwa kijana. Katika maktaba hiyohiyo alikuta rafu ya vitabu vya Wamarekani Weusi, W. E. B. Du Bois akiwamo, na akaeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1954 jinsi vilivyomgeuza. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1944, ndani ya ukumbi huohuo wa burudani yenye maadili, Umoja wa Vijana wa ANC ulizinduliwa, Anton Lembede akachaguliwa rais wake. Walter Sisulu, Oliver Tambo na Nelson Mandela walikuwamo. Phillips alikusudia kupunguza joto. Ukumbi wake ukawa jiko.

Hapa ndipo namkumbuka mwanadharia anayedharauliwa siku hizi kwa kuwa alianza na wanyama. Karl Groos, Mjerumani, aliandika juu ya michezo ya wanyama mwaka 1896 na ya binadamu mwaka 1899. Hoja yake ni nyepesi: mchezo ni mazoezi ya maisha yajayo. Paka mdogo anawinda jani ili kesho awinde panya. Mtoto anapika udongo ili kesho apike ugali. Groos aliwaza utoto zaidi, na ndiyo maana nadharia yake hufundishwa kwenye vyuo vya ualimu wa chekechea. Hakuwaza hali ambayo mwanamume mwenye ndevu, mke na ng'ombe kijijini anaitwa boi, analala kwenye kitanda cha saruji na kutembea na kibali cha pasi mfukoni. Mtu mzima aliyenyimwa utu uzima naye ana maisha yajayo ya kuyafanyia mazoezi. Mfalme wa Arinoti aliyesikiliza kesi ya wanachama wawili waliogombana, na kijana wa Eloff Street aliyejifunza kusimama na kutetea hoja mbele ya mwenyekiti, walikuwa wakizoea utawala.

Kuna wasomi wanaoona kwenye beni utumwa wa akili, Mwafrika akijivika koti la mkoloni. Wengine wanaona dhihaka. Ubishi kama huo upo juu ya ngoma ya viatu vya mpira ya wachimbaji, ambayo kiongozi wake hutoa amri kali za kinyapara, na wachezaji hupiga viatu kwa mikono na kutii kwa utii uliopitiliza. Waongoza watalii hupenda kusema ilikuwa lugha ya siri ya chini ya ardhi; mimi siegemei huko. Ninachokiona ni amri ya mnyapara ikichukuliwa na watu waliokuwa wakiamriwa, ikajaribiwa, ikachekwa, kisha ikawa mali yao. Kutii na kukejeli viko pamoja, na anayetaka kuchagua kimoja atapata nusu ya ngoma.

Caillois ana neno moja la kumwongezea Groos. Alisema ushindani wa kimchezo huunda usawa wa kubuni: dunia nzima haina haki, lakini ndani ya mistari minne wote wanaanza sifuri. Mandela, aliyefanya mazoezi ya ndondi katika ukumbi wa jamii wa Orlando miaka ya 1950, alisema vivyo hivyo katika wasifu wake: ulingoni cheo, umri, rangi na mali havina maana. Ukiishi katika nchi ambayo rangi inaamua ukalie benchi gani la bustani, na sheria ya mwaka 1953 iliruhusu hasa hilo, ulingo unaosahau rangi kwa dakika tatu si jambo dogo.

Nimesema wanaume mpaka sasa, na si kwa bahati mbaya. Nadharia karibu zote hizi zinachora mstari kati ya kazi na mapumziko, na mstari huo ni wa mwanamume mwenye mshahara. Nenda Rooiyard, uwanja wa vibanda katika mtaa wa Doornfontein uliochunguzwa na mwanaanthropolojia Ellen Hellmann miaka ya 1930. Jumamosi jioni mwanamume amekuja kunywa na kucheza muziki wa marabi wa kinanda hadi alfajiri. Mwanamke aliyeipika pombe hiyo, akaifukia kwenye madebe ardhini ili polisi wasiione, yuko kazini, tena kazi ya hatari, maana pombe yake ilikuwa marufuku. Burudani ya mmoja ni zamu ya mwingine. Hata hivyo wanawake hao walijua kucheza kwa namna yao: stokveli, ambayo kwetu tungeiita upatu, iligeuzwa karamu ya zamu. Leo kwako, wiki ijayo kwangu, na mgeni analipa kiingilio.

Mombasa wanawake walikuwa na lelemama. Margaret Strobel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1979, anaeleza mashindano ya Ibinaal Watan na Banu Saada, vyama vya wanawake vilivyochukua mengi kutoka beni. Nyimbo zao zilimwaibisha aliyekosa adabu, zikamsema hadharani bila kumtaja jina. Mwanamke wa pwani alitumia fedha kwa ngoma, mwanamke wa Doornfontein alipata fedha kwa ngoma. Sioni kwamba mmoja alikuwa huru zaidi. Naona tu kwamba wa kwanza alikuwa na mji wa kumtambua, wa pili alikuwa na chumba ambacho kesho kingevunjwa. Serikali ilihamisha wakazi wa nyua hizo na kuwapeleka Orlando.

Turudi kwa wanaume wa Johannesburg, safari hii wale wa hosteli za wafanyakazi, kwa kuwa hapo kuna kisa ambacho nadharia ya faida haiwezi kukikwepa. Usiku wa Jumamosi, hadi jua la Jumapili, vikundi vya waimbaji wa Kizulu vilishindana kuimba bila ala, kwa suti, viatu vinavyong'aa na hatua za kunyata. Nani aamue? Mara nyingi waliingia mjini usiku wakatafuta Mzungu yeyote asiyejua kikundi chochote, hata mlevi wa barabarani, wakamketisha mezani. Sifa yake ilikuwa kwamba hana upande. Katika beni jambo hilo halingewezekana: mshindi alijulikana kwa kelele za mtaa na kwa deni lililobaki, na ubishi uliendelea mwaka mzima. Pwani hawakutaka mwamuzi. Raha ilikuwa kwenye ubishi.

Mmoja wa waimbaji hao wa Johannesburg alikuwa Solomon Linda, mzaliwa wa Msinga, aliyekuwa akifungasha sahani za santuri katika kampuni ya Gallo. Mwaka 1939 yeye na kikundi chake, Evening Birds, walirekodi "Mbube" katika studio ya kampuni hiyo. Alilipwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia kwa majina mengine, ukaingia katika filamu ya simba ya Disney ya mwaka 1994, na Linda alikuwa amekwisha kufa maskini tangu mwaka 1962. Familia yake ilipata suluhu ya kisheria mwaka 2006. Huizinga angesema mchezo ulikoma kuwa mchezo ulipoingia sokoni. Mimi nasema haukukoma. Ulibadilishwa mwenye hesabu, kama ulivyobadilishwa kwenye uwanja wa nusu duara.

Siku hizi mwenye hesabu ni serikali, na ana nia njema. Tangu mwaka 2001 Afrika Kusini imekuwa na mpango wa michezo ya jadi, na kila mwaka timu za mikoa hukutana kushindana kwa diketo ya kokoto, kgati ya kamba, na mlabalaba, ambao kete zake 12 kwa kila mchezaji huitwa ng'ombe. Kanuni zimeandikwa, jezi zimetolewa. Sina neno, isipokuwa hili: bao ya Zanzibar, yenye mashimo 32 na kete 64, haikuhitaji wizara ili iendelee kuishi barazani. Ilihitaji baraza, kivuli na wazee wasiokubali kushindwa kimya. Mwalimu Nyerere aliicheza Butiama na wazee wa kijiji, na mbele ya bao kufungwa kulikuwa kufungwa tu.

Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tamko la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 24 kinampa kila mtu haki ya mapumziko. Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi 8 zilizokataa kupiga kura. Leo inayaandika mapumziko katika sera zake, nasi pia Afrika Mashariki tunayaandika: afya, umoja, nidhamu, kuwaondoa vijana vijiweni. Soma orodha hiyo tena, na Ray Phillips angeweza kuitia saini bila kubadilisha neno.

Kura yangu naipa nadharia ya Groos, nikimwongezea mtu mzima. Halmashauri za Dar es Salaam, Mombasa na Johannesburg zinazotaka faida za michezo ziwape watu uwanja na taa, na ziwaachie wenyewe wachague mfalme wao, waandike kanuni zao, na wagombane juu ya nani ameshinda.